Dakika Tisini

Nilishuka ghorofa ya pili kwa ajili ya printa,
si kwa ajili ya macho ya mtu.
Ofisi ya ankara za maji, Liepāja, mwezi wa Novemba,
saa tisa alasiri na anga tayari rangi ya masizi,
na Skaidrīte ameinamia kompyuta
kama mtu anayenusa chungu ajue kama mboga imeungua.

Mkononi ana kioo cha kukuzia,
kile cha marehemu mumewe, cha kutazamia stempu.
Anakisogeza juu ya skrini, tarakimu moja, tarakimu ya pili,
na kwenye skrini pana mstari wa mafuta ya kidole
ulionyooka, kama njia ya sisimizi ukutani.

"Mbona huongezi ukubwa wa maandishi?"
Nilimuuliza hivyo. Mimi. Bila haya.

Akafungua ukurasa wa mipangilio, taratibu,
kama anayemwonyesha mgeni chumba kilichofungwa.
Kikuzaji: kijivu.
Utofautishaji wa rangi: kijivu.
Ukubwa wa kishale: kijivu.
Unabonyeza, na kitufe kinakutazama tu,
mithili ya karani aliyekwisha kufunga dirisha lakini hajaondoka.
Na juu kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote:
Baadhi ya mipangilio hii inasimamiwa na taasisi yako.

"Huongezeka," akasema, "nikipita njia ya panya.
Mjukuu ndiye aliyenionyesha. Lakini hudumu dakika tisini,
halafu hurudi madogo yenyewe.
Kwa hiyo ankara ndefu nazifanya mwanzo,
na zinazobaki nazikisia."
Akacheka kidogo. "Usiogope. Ya kwako siikisii."

Nilipanda ngazi, printa nikaisahau.
Dakika tisini nazijua. Ni mwendo wa seva yangu,
inayozunguka majengo yote manne kama mlinzi wa usiku,
ikijaribu kila kitasa,
ikirudisha kila kilichosogezwa pale kilipokuwa.
Nikaitafuta kanuni. Niliitafuta kwa hasira,
nimeshamwandalia mwenyewe maneno.

Kanuni ya 114. Miaka kumi na moja iliyopita.
Sababu: "kwa ajili ya usawa."
Mwandishi: R. V.
Raitis Vanags. Kwa lugha yetu Vanags ni mwewe,
ndege anayesifiwa kwa macho.

Hapo nikakumbuka. Kijana wa mafunzo
aliwasha sauti inayosoma skrini,
ikausomea ukumbi mzima deni la mkurugenzi,
senti kwa senti.
Watu walicheka; mimi nikaitwa juu.
Jioni ile nikatia alama kwenye visanduku kumi na vinne,
sikusoma hata kimoja,
nikaenda nyumbani, nikanywa supu, nikalala.

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu wangu ulikuwa na meno upande mmoja:
akaunti yangu kuu haukuigusa hata siku moja.

Utaratibu unataka fomu, fomu inataka kamati,
na kamati hukaa Machi.
Niliondoa alama. Zote kumi na nne.
Kwenye nafasi ya sababu nikaandika maneno yale yale,
"kwa ajili ya usawa,"
kwa kuwa hayakuwa na kosa lolote, maskini.

Kisha nikangoja. Ningeweza kuiharakisha seva;
sikuiharakisha. Nilitaka kujua
dakika tisini zina urefu gani.
(Hata hapo nilimngojesha na yeye.
Hilo nililiona baadaye, nikiwa kwenye tramu.)

Saa kumi na moja kasoro nikashuka tena, kwa printa.
Skrini yake nyeusi, herufi nyeupe, nene kama vidole.
Hakuniambia asante. Kwa nini aniambie?
Alikuwa amekaa wima, mgongo umegusa kiti,
anasoma jina la mteja kwa sauti,
jina lote, mpaka herufi ya mwisho.
Kioo cha stempu alikuwa amekitia kwenye droo.
Droo hakuifunga.